Gridi, kipimio na maandishi: uchambuzi wa kisa cha ramani ya bonde la Mathare

Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 yaliyosomba nyumba na kuua watu katika bonde la Mathare, jijini Nairobi, kikundi kimoja cha wakazi na wanafunzi wa kujitolea kilitengeneza ramani ya kidijitali ya sehemu ya bonde hilo yenye urefu wa takribani kilomita mbili. Ilikusudiwa kuonyesha madaraja ya miguu, midomo ya mitaro, vyoo vya umma na majengo yaliyo karibu na Mto Mathare, pamoja na mstari wa mita 30 kutoka ukingoni, kipimo kilichotajwa sana mjini katika miezi ile ambapo nyumba za kandokando ya mito zilikuwa zikibomolewa. Yaliyomo ndani ya ramani yalikuwa mazuri. Majengo yalifuatishwa kwa uangalifu kutoka kwenye picha ya setilaiti, madaraja yalitembelewa moja baada ya jingine, na majina yaliulizwa kwa wenyeji wenyewe. Hata hivyo, ilipotoka kwenye kompyuta na kufika mikononi mwa watu, ramani hiyo ilizua ugomvi katika mkutano wa mtaa, ikaipeleka timu ya upimaji mahali pasipohusika, na ikayaacha baadhi ya madaraja bila jina.

Uchambuzi huu unahusu vitu vitatu ambavyo huwekwa mwishoni, wakati mchoraji amechoka na kazi inaonekana kuwa imekwisha: gridi ya majiranukta (mistari yenye namba za kutajia mahali), kipimio cha mstari (mstari mdogo uliogawanywa unaoonyesha umbali), na maandishi. Nilikabidhiwa faili lenyewe la QGIS, programu ya kuchorea ramani, pamoja na nakala zilizochapishwa ili nizikague, kwa hiyo ninaeleza yale yanayoonekana humo, na majina ya wahusika nimeyaacha.

Nianze na ugomvi, kwa kuwa ndio uliowaumiza watu. Ramani ilipangwa kwa karatasi ya A1 kwa uwiano wa 1:2,500. Karatasi ya A1 ikilazwa ina upana wa milimita 841, hivyo kwa uwiano huo inabeba kilomita mbili na kidogo, na bonde likaenea vizuri. Chini ya kichwa cha ramani mchoraji alichapa, kama maandishi ya kawaida tu, maneno "Kipimio 1:2,500". Nakala moja ya A1 ilibandikwa ukutani katika ukumbi wa mkutano. Nakala za kugawa zilitolewa kwa karatasi za A3 katika duka la uchapaji la River Road, kwa sababu za bei. Sasa, A3 ni nusu ya A1 kwa urefu na nusu kwa upana, kwa hiyo uwiano halisi wa nakala zile ulikuwa 1:5,000, au mdogo kidogo zaidi ya huo, maana printa ikiagizwa kutosheleza karatasi huacha ukingo mweupe pande zote nne. Maandishi yaliendelea kusema 1:2,500.

Katika mkutano, mwalimu mmoja mstaafu alitoa rula, akapima kutoka ukingo wa mto hadi nyumba yake, akapata milimita 10, akazidisha kwa 2,500 na jibu likawa mita 25. "Kijana wangu," akamwambia aliyekuwa akiendesha kikao, "hapa mmeniweka ndani ya mita thelathini." Kijana alijibu kwa heshima, "Hapana, Mwalimu, tazama, mstari umepita kabla ya kufika kwako." Kila mmoja alikuwa na haki ya kusema alivyosema. Mstari ulikuwa umechorwa milimita 6 kutoka ukingoni na nyumba ilikuwa milimita 10, kwa hiyo nyumba ilikuwa nje ya mstari. Lakini mwalimu aliendelea kupima, akagundua kwamba milimita 6 zile, kwa hesabu ileile ya karatasi, ni mita 15. Mbele ya watu ambao majirani zao walikuwa wamekwisha kubomolewa, mstari wa mita 30 uliotokea kuwa mita 15 haukuonekana kama kosa la printa. Ulionekana kama ujanja, na maswali yakahama kutoka kwenye ramani yakawaendea waliochora: wametumwa na nani, na nani atafaidika. Kwa kweli ile nyumba iko takribani mita 50 kutoka mtoni, na utepe wa kupimia ulithibitisha hivyo baadaye.

Uwiano ulioandikwa kwa tarakimu unategemea ukubwa mmoja tu wa karatasi. Mara nakala inapokuzwa, kupunguzwa, kupigwa picha kwa simu au kubandikwa ndani ya ripoti, tarakimu zile zinabaki zilivyo huku mchoro ukibadilika. Kipimio cha mstari kina sifa tofauti kabisa: kimechorwa kwa wino uleule wa ramani, kwa hiyo ramani ikisinyaa nacho husinyaa kwa kadiri ileile, na mtu akikipima kwa rula au kwa ukingo wa karatasi atapata jibu sahihi hata kwenye nakala ya nakala. Kinachoweza kukiharibu ni picha kuvutwa upande mmoja tu, jambo linalotokea mtu anapoburuta pembe ya picha vibaya katika programu ya kuandikia. Kwa maoni yangu, ramani itakayogawiwa mtaani haina haja ya tarakimu za uwiano hata kidogo. Wanaozihitaji ni wachache, na hao wanajua kuzikokotoa kutoka kwenye mstari.

Ajabu ni kwamba ramani ya Mathare ilikuwa na kipimio cha mstari. Kilikuwa kwenye pembe ya chini, kimepakwa rangi nyeusi na nyeupe kwa zamu kama inavyotakiwa, na mwalimu alikiona. Hakukitumia kwa sababu kilisomeka 0, 0.001, 0.002. Fremu ya ramani, yaani sehemu ya karatasi inayobeba mchoro wenyewe, ilikuwa imeachwa katika digrii za latitudo na longitudo, na aliyeweka kipimio akachagua kihesabu kwa yuniti za ramani, kwa hiyo programu ikamtii na kuhesabu kwa digrii. Sehemu moja kati ya elfu ya digrii, katika latitudo ya Nairobi, ni takribani mita 111. Hakuna mkazi anayepima umbali wa kwenda bombani kwa digrii. Katika QGIS marekebisho yake ni kubadili yuniti tu, kwani programu inaweza kukokotoa mita kutokana na umbo la dunia hata kama fremu iko katika digrii. Lakini aliyekuwa akikagua kazi aliona kipimio kipo, akaweka alama ya kwamba kipo, akaendelea.

Hapa inafaa kusema jambo linalohusu mahali tulipo. Nairobi iko takribani digrii 1 na dakika 17 kusini mwa ikweta, na ukaribu huo unaficha makosa ambayo kwingineko yangejitangaza. Kule Oslo au Helsinki, karibu na latitudo ya 60, digrii moja ya longitudo ni takribani nusu ya digrii ya latitudo, kwa hiyo mji uliochorwa kwa digrii huonekana umevutwa kwa upana mara mbili na kila mtu anashtuka. Projeksheni (njia ya kuulaza uso wa dunia kwenye karatasi bapa) ya Mercator inayotumiwa na ramani za mtandaoni nayo hukuza umbali mara mbili katika latitudo hiyo, na kipimio kilichowekwa bila kufikiri hudanganya kwa kiasi hichohicho. Hapa kwetu tofauti ya digrii hizo mbili haifiki asilimia moja, na projeksheni ya mtandaoni nayo inakosea kwa chini ya asilimia moja. Ramani inaonekana sawa, majengo yana umbo lake, na mchoraji anajifunza kwamba projeksheni ni jambo la vitabuni. Somo hilo la uongo humfuata hadi kwenye gridi, ambako ikweta haimsaidii tena.

Gridi ya ramani hii ilikuwa ya mistari myembamba ya kijivu kila baada ya mita 100, na pembeni namba zake, za mashariki zikianzia karibu na 261,000 na za kaskazini zikizunguka 9,861,000. Anayeijua Kenya atatambua mara moja kwamba hizo ni namba za UTM, mfumo wa majiranukta wa mita unaoigawa dunia katika kanda, na kwamba ni za ukanda wa 37 Kusini. Ukanda huo unaanzia longitudo ya 36 hadi ya 42 Mashariki, mstari wake wa kati ni longitudo ya 39 ambao hupewa namba 500,000, na ikweta hupewa namba 10,000,000 ili upande wa kusini usiwe na namba hasi. Mathare iko upande wa magharibi wa mstari wa kati, kwa hiyo namba yake ya mashariki ni ndogo kuliko 500,000, na iko kama kilomita 139 kusini mwa ikweta, ndiyo maana namba ya kaskazini inapungukiwa kidogo na milioni kumi. (Nchi yetu imekatwa na ikweta, na anayechagua ukanda wa 37 Kaskazini kwa kuteleza kidole atapata namba za kaskazini zilizo hasi kwa Nairobi yote. Hilo angalau ni kosa linaloonekana.)

Kisichoonekana kwenye karatasi kilikuwa datamu, yaani msingi ambao majiranukta huhesabiwa kutoka kwake. Gridi ilikuwa imewekwa katika Arc 1960, inayotumia elipsoidi (umbo la dunia la kihesabu) ya Clarke ya 1880, ilhali vifaa vya GPS na simu zote zinasoma datamu nyingine, WGS 84. Kwa nini mchoraji alichagua Arc 1960? Kwa sababu nzuri, na ninaitetea: ramani za topografia za 1:50,000 zinazotolewa na idara ya upimaji huko Ruaraka ziko katika datamu hiyo, naye alikuwa amezitumia kulinganisha mkondo wa mto. QGIS inaruhusu gridi iwe na mfumo wake tofauti na wa fremu, na ilifanya ubadilishaji ipasavyo. Kila namba iliyokuwa pembeni ilikuwa sahihi, ila ilikuwa sahihi kwa msomaji anayejua inahesabiwa kutoka wapi, na ukingoni mwa ramani hapakuwa na neno hata moja la kumjulisha.

Ukubwa wa tofauti hiyo unafaa kuelezwa kwa tarakimu. Ili kutoka Arc 1960 kwenda WGS 84, wastani unaotumiwa kwa Kenya na Tanzania husogeza kitovu cha dunia kwa mita -160, -6 na -302 katika mihimili mitatu. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, mhimili wa tatu unaelekea karibu sawasawa na kaskazini, na kwa hiyo zile mita 302 zinaangukia karibu zote kwenye namba ya kaskazini. Mhimili wa kwanza, kwa longitudo yetu, unachangia takribani mita 90 upande wa mashariki. Matokeo yake ni kwamba nukta moja hapa Nairobi, ikisomwa katika Arc 1960, ina namba ya kaskazini kubwa kwa kama mita 300 na namba ya mashariki ndogo kwa kama mita 90 kuliko ikisomwa katika WGS 84.

Timu iliyotumwa kupima daraja moja lililobomoka ilisoma majiranukta yake kutoka kwenye gridi, ikayaingiza katika kifaa cha GPS cha mkononi kilichoachwa katika WGS 84, ikafuata mshale. Mshale uliwapeleka mita 300 kaskazini na kidogo magharibi, upande wa Thika Road, mbali na mto. Katika mbuga ya wazi mtu angeona daraja liko kule akacheka. Katika mitaa iliyosongamana, yenye vichochoro visivyoonyesha mbele, watu walitafuta, wakaulizia, na mama mmoja aliyekuwa akifua nguo akawaambia, "Wanangu, daraja hilo mmelipita zamani." Laiti pembeni ya gridi pangeandikwa jina la datamu, aliyeshika kifaa angeweza kukibadilisha, kwa kuwa vifaa vingi vya mkononi vina Arc 1960 katika orodha yake. Simu za kawaida hazina chaguo hilo, na wengi wa kikundi kile walikuwa wakitumia simu.

Ninakwenda mbali zaidi ya wenzangu kadhaa katika jambo hili: gridi isiyotaja datamu ni mbaya kuliko kukosa gridi kabisa. Ramani isiyo na gridi inamlazimisha msomaji kutafuta mahali kwa alama za ardhini, kanisa, kona, bomba la maji, naye atafika. Ramani yenye gridi isiyotajwa inamhakikishia kwamba hahitaji kuuliza. Na hali yetu ni ngumu zaidi kuliko ya nchi nyingine, kwa sababu ramani zetu za zamani za mipaka ya viwanja zimechorwa kwa projeksheni ya Cassini-Soldner, nyingi zikiwa kwa futi, zile za topografia ziko katika Arc 1960, na kila kinachotoka kwenye simu kiko katika WGS 84. Namba tatu tofauti zinaweza kutaja mlango mmoja.

Kuna kasoro mbili ndogo za gridi ile ambazo nitazipitia upesi. Namba ziliandikwa kwa desimali tatu, kana kwamba mchoraji alijua mahali pa nyumba hadi milimita, ilhali majengo yaliyofuatishwa kutoka kwenye picha ya setilaiti yanaweza kuhama mita kadhaa. Pia mistari ya kila mita 100 ilipita juu ya vichochoro na kufanana navyo kwa unene, na nakala ya A3 isiyo na rangi haikumwezesha mtu kutofautisha njia na mstari wa gridi.

Maandishi ndiyo yaliyomchukulia mchoraji muda mwingi, na ndiyo yaliyokuwa na matatizo mengi zaidi. Programu za leo hupanga lebo, yaani majina ya vitu kwenye ramani, zenyewe: hujaribu nafasi mbalimbali kuzunguka kila nukta, hupima ni nafasi gani isiyogongana na nyingine, na lebo inayokosa nafasi haichorwi. Haichorwi kimyakimya, bila onyo. Katika eneo la mashambani hilo hutokea mara chache. Katika Mathare, ambako choo, duka, mdomo wa mtaro na daraja vinaweza kuwa ndani ya eneo la mita ishirini, lebo nyingi hushindwa, na katika faili hili lebo zote zilikuwa zimepewa kipaumbele sawa. Matokeo yake madaraja, ambayo ndiyo yaliyokuwa sababu ya ramani, yalipoteza majina mbele ya vibanda vya M-Pesa. QGIS ina kitufe cha kuonyesha lebo zilizokosa nafasi, nazo hutokea kwa rangi tofauti ili mchoraji azione. Ningependa kila ramani ya mtaa ikaguliwe kwa kitufe hicho kabla ya kuchapishwa, kisha lebo za muhimu zisogezwe kwa mkono, kwa kuwa hakuna kanuni ya mashine inayojua kwamba daraja linalotumiwa na wanafunzi ni muhimu kuliko duka.

Eduard Imhof, mchora ramani wa Uswisi, aliandika katika karne iliyopita kanuni za kuweka majina ambazo programu hizi zinazifuata hadi leo: jina la nukta liwe kulia na juu kidogo, jina la mto lifuate mkunjo wa mto, jina lisiache shaka ni la kitu gani. Kanuni ya mwisho ndiyo iliyovunjwa zaidi hapa. Mabatini ni jina la wadi na pia ni jina la kijiji ndani yake, na ramani iliyaandika yote mawili kwa fonti moja na ukubwa mmoja, kwa hiyo wasomaji walidhani kijiji kimetajwa mara mbili kwa bahati mbaya. Ilitosha kuandika wadi kwa herufi kubwa zilizoachiwa nafasi, za kijivu, na vijiji kama Mashimoni, Kosovo na Gitathuru kwa herufi za kawaida nyeusi. Jina la mto nalo lilikuwa limelazwa mlalo katikati ya majengo, mbali na maji. Lilipopewa rangi ya buluu, likainamishwa na kupindwa kufuata mkondo, liliacha kuonekana kama jina la mtaa.

Kila lebo ilikuwa imezungushiwa ukingo mweupe wa milimita 1.5 ili isomeke juu ya picha. Kwa uwiano wa 1:2,500 milimita hizo ni karibu mita 4 ardhini, upana unaozidi vichochoro vingi vya Mathare. Kwa hiyo kila jina lilifuta njia za kando yake, na palipo na majina matatu karibu, msomaji aliona uwanja mweupe ambao haupo. Ukingo wa nusu milimita, usio mweupe kabisa, ulitosha. Fonti ilikuwa ya pointi 7, inayosomeka vizuri kwenye A1, lakini kwenye A3 ikawa pointi 3.5, na wazee wengi mkutanoni walikuwa wameshika karatasi yenye madoadoa tu mahali pa majina.

Kasoro moja iliyonichukua muda kuigundua ilikuwa kwenye ukingo wa ramani, ambako palitakiwa kuwa na maandishi "Kuelekea Thika na Murang'a" na hapakuwa na kitu. Lebo ilitengenezwa kwa fomula, na katika fomula maneno hufungwa kati ya alama mbili za nukta ya juu, ileile inayotumika katika ng'. Programu ilipofika kwenye Murang' ikadhani maneno yamekwisha, herufi iliyobaki ikawa haina maana kwake, na fomula nzima ikakataliwa. Dawa yake ni kuandika alama hiyo mara mbili mfululizo ndani ya fomula. Anayechora Lang'ata, au mtaa wowote wenye ng' katika jina, atakutana nayo, na ni vizuri ajue mapema, maana matokeo yake si ujumbe mkubwa wa hitilafu bali ni nafasi tupu.

Ramani ilirudiwa. Fremu ilihamishiwa UTM ukanda wa 37 Kusini katika WGS 84, mfumo ambao QGIS inauita EPSG:32737. Katika umbali wa Mathare kutoka mstari wa kati, projeksheni hiyo hukuza umbali kwa takribani sentimita 30 kwa kila kilomita, kiasi ambacho hakiwezi kuonekana kwenye karatasi. Mistari ya gridi iliondolewa na mahali pake pakawekwa misalaba midogo ya buluu kila baada ya mita 100, namba zikabaki pembeni bila desimali. Gridi ya pili, ya digrii za desimali, iliwekwa kama vialama vifupi kwenye ukingo wa nje tu, kila baada ya digrii 0.002, kwa ajili ya wenye simu. Arc 1960 haikutupwa: sentensi moja ukingoni inaeleza kwamba anayelinganisha na ramani za topografia za 1:50,000 atakuta namba za kaskazini kubwa kwa takribani mita 300 na za mashariki ndogo kwa takribani mita 90.

Kipimio kipya kina mita 200, na sehemu yake ya kwanza imegawanywa kwa kila mita 10, kwa kuwa swali la mtaa ule ni la makumi ya mita. Kinapochapishwa kwenye A1 kinapaswa kuwa na urefu wa sentimita 8 kamili, na aliyepeleka kazi dukani anapima kwa rula kabla ya kulipa. Toleo la A3 lilitengenezwa upya kama ramani nyingine, kwa 1:5,000, likiwa na lebo chache zaidi na misalaba ya kila mita 200, badala ya kuisinyaza ile kubwa. Kabla ya kugawa, watu wawili walisimama kwenye madaraja mawili wakiwa na simu, wakalinganisha namba walizosoma na zile za ukingoni, na umbali kati ya madaraja ukapimwa kwa utepe na kulinganishwa na kipimio.

Lebo moja ilijadiliwa kuliko zote. Mstari wa mita 30 uliandikwa hapo awali "Mpaka wa hifadhi ya mto". Mwalimu mstaafu, ambaye sasa alikuwa upande wa wachoraji, aliuliza ukingo wa mto umepimwa na nani, na jibu la kweli lilikuwa kwamba umefuatishwa kutoka kwenye picha ya setilaiti, katika msimu ambao maji yalikuwa machache. Mstari unaopimwa kutoka kwenye ukingo wa namna hiyo hauwezi kuitwa mpaka. Maandishi yaliyochapishwa mwishowe, kwa herufi ndogo za rangi nyekundu zikifuata mstari wenyewe, yanasema: "Mita 30 kutoka ukingo uliofuatishwa kwenye picha, si mpaka wa ardhi uliopimwa na mpimaji mwenye leseni."